Mama na Timu ya Washona Viatu

Mimi mpira siupendi, na nasema mapema ili mtu asije akaniuliza mambo ya kuotea. Lakini historia ya timu moja ya mji mdogo wa Hispania naijua kuliko historia ya ukoo wetu. Sababu ni Mama, mwanamke wa Unguja aliyehamia Ibra, huku Omani, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuupiga mpira teke.

Mwenye kosa, kama tutamwita mwenye kosa, ni mdogo wangu. Alikwenda Hispania kusoma, akapata kazi, akaoa binti wa huko, na Baba akapata habari mambo yamekwisha. Lahaula! Baba si mtu wa makelele. Alitia udhu, akasali, kisha akaapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba sauti ya mtoto yule haitaingia nyumbani kwake, kwa simu wala kwa mlango. Mama hakubisha. Mimi nilikuwa nikizungumza na mdogo wangu kutoka nyumbani kwangu, mtaa wa pili, nikamwambia Mama aje asikie sauti yake japo kidogo. Akanikemea: "Mimi nizunguke nyuma ya mume wangu kama mwizi wa kuku? Hunijui wewe." Akarudi jikoni, na nilijua anakwenda kulia.

Basi ikatokea timu ya mji ule, ambayo hata Wahispania wenyewe nadhani walikuwa wameisahau, ikapanda ligi kuu. Pale kwa wazee tulikuwa na dishi juu ya paa, na chaneli moja ya Kiarabu ikawa inaonesha mechi zake. Nikamwambia Mama kwa mzaha tu, "Njoo, mji wa mwanao umo kwenye televisheni." Akaacha mchele kwenye ungo. Kamera ilionesha jukwaa, nyuma yake nyumba za vigae, na nyuma ya nyumba kilima kikavu. "Kumbe pana milima," akasema. "Na mimi nikidhani yuko barafuni!" Tangu siku ile hakukosa mechi. Mpira wenyewe haukumshughulisha. Alikuwa akitazama watu jukwaani, uso mmoja mmoja, na goli likifungwa alikasirika kwa sababu wote walisimama wakazibana.

"Bwana, televisheni si simu," alimwambia Baba kabla hajaulizwa. Baba akageuza kiti, akaipa televisheni mgongo, akafungua gazeti lake.

Halafu Mama akataka kujua hao watu ni kina nani. "Muulize huyo mdogo wako, timu yao ilianzaje?" Nikauliza, nikawa tarishi. Ilianzishwa na washona viatu wa kiwanda kimoja, waliokuwa wakitoka kazini jioni kwenda kucheza ndani ya mto mkavu. Mvua ikinyesha milimani, maji yalishuka yakabeba magoli. Mama alipiga makofi kwa furaha, maana vijana wetu wa Ibra nao walicheza ndani ya wadi, mto wetu mkavu, na wadi ikishuka kila mtu anakimbia na kanzu yake mkononi. Baadaye watu wa mji wakajenga uwanja wenyewe, kila nyumba ikileta matofali, na wanawake wakawapikia mafundi wali kwenye masufuria makubwa. Kipa wao wa kwanza alikuwa muoka mikate, na mechi haikuanza mpaka mikate iive. Miaka mingi walikaa madaraja ya chini, na hakuna aliyewahama. "Hao ni watu wa maana," alisema Mama. "Mwanangu hakupotea kwa watu wabaya."

Historia hiyo akaipeleka Soko la Jumatano, lile soko letu la wanawake peke yao, alikokwenda kununua vitambaa na udi. Aliihadithia nusu Kiarabu nusu Kiswahili, akaitia chumvi mpaka yule muoka mikate akawa yatima. Haukupita muda, wauza wanja wakawa wanamwita kutoka mbali: "Ha, timu yako imefanyaje?" Naye huwajibu, "Wametuonea tena, refa hana haya wala hana mama."

Mwisho wa msimu timu ilikuwa mkiani, na mimi mdomo wangu ukaniponza. Nikamweleza kwamba ikishuka daraja, chaneli haitaionesha tena. Mama akauliza, "Yaani mji wake sitouona tena?" Kesho yake akamwita mzee mmoja wa jamaa zetu, msomaji, akamwomba amsomee refa Halbadiri. Mzee nusura apaliwe na kahawa. "Bibi, mche Mungu! Halbadiri ni ya mtu aliyedhulumiwa."

"Na penalti ile, hukuiona?"

Mzee aliondoka na sahani ya halua na hakusoma kitu.

Mechi ya mwisho ilianza baada ya Magharibi. Ilikuwa lazima washinde. Mama alikaa chini karibu na televisheni, tasbihi mkononi, Baba na gazeti lake nyuma. Wakafungwa moja, wakasawazisha, na mimi nisiyependa mpira nikajikuta nimesimama natukana watu nisiowajua. Kipindi cha pili wakafungwa tena. Filimbi ilipopulizwa, wachezaji walilala kwenye majani na watu jukwaani wakabaki wakiimba hivyo hivyo na machozi yao. Kamera ikapita polepole juu ya vichwa vyao, ikafika kwenye kilima, ikakatwa. Likaja tangazo la sabuni.

"Sikumwona," alisema Mama. "Msimu mzima, sikumwona hata mara moja."

Kisha nikasikia gazeti linakunjwa.

"Sasa tutamwona wapi?" Baba aliuliza.

Mama aligeuka akamtazama. Baba alikuwa amenyoosha mkono kunielekea, anataka simu.

"Bwana, na kiapo chako?"

"Kiapo kina kafara. Nitalisha masikini." Akanambia mimi, "Piga."

Nilipiga, kwa pupa nikakosea nambari, nikapiga tena. Nikampa. Baba akaishika kwa mikono miwili. Tulisikia sauti ya mdogo wangu, ndogo, imekauka: "Alo?" Halafu, "Baba?"

"Mmefungwa vibaya," alisema Baba. "Mlete mkeo, mje nyumbani."

Akamkabidhi Mama simu, akatoka nje kutia udhu.