Mutuelle ilinikata jina, siku ya matokeo wakaja mbio na poda

Wakuu, nawasalimu kutoka Kisangani. Nitakayoandika yamenitokea mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi hata punje. Hasira bado ninayo, mnivumilie, na Kiswahili changu cha huku mkivumilie pia.

Chuoni kwetu mwanafunzi mpya haulizwi jina kwanza. Anaulizwa, "Uko mutu ya wapi?"

Kila territoire (wilaya) ina mutuelle yake, yaani chama cha wanafunzi waliotoka huko. Mutuelle ndiyo inakupa notes za waliotangulia, maswali ya mitihani ya zamani, na kikundi cha kufanya nacho kazi za darasani. Ukiugua, wao ndio wanakuja kukuona.

Mama yangu ametoka kijiji cha mtoni, njia ya Isangi. Papa ni Mwislamu wa hapa mjini, fundi cherehani, na babu zake wamezikwa hapa hapa. Donc kwa upande wa papa sina territoire, maana mji wenyewe hauna mutuelle.

Nikaenda mutuelle ya kwao mama (jina silitaji), na kitambaa changu kichwani, moyo mweupe kabisa. Nikajiandika kwenye orodha. Président wao, kijana wa mwaka wa tatu, akatazama kitambaa kabla ya uso.

"Papa yako iko mutu ya wapi?"

"Ya hapa Kisangani. Lakini mama iko ya kwenu."

"Ah non! Kwetu mutoto iko ya papa. Enda kwa batu ya papa yako."

Akalikata jina langu kwa kalamu, mbele ya macho yangu. Wenzake wakacheka.

Jamani, mimi nimekula samaki wa mto ule tangu sina meno! Nilipomsimulia mama, alipika siku nzima bila kuniangalia usoni. Hilo liliniuma kuliko kicheko chao.

Kazi ya kwanza ya kikundi nikapata sifuri, maana assistant wa profesa hapokei kazi ya mtu mmoja. Sifuri! Na papa alishaniambia waziwazi, ukianguka mwaka huu unakuja kukaa kwenye cherehani.

Walioniokoa ni wale wa Lubunga, ng'ambo ya mto. Wanavuka na pirogue, mtumbwi, kila asubuhi, wanafika wamechelewa, viatu mkononi, wanakaa benchi la nyuma. Makabila yote yamo. Hawana président wala mhuri.

Mmoja wao, Béa, akanikuta nje ya auditoire, ukumbi wa masomo, natafuna mkate.

"Weye, unafanya nini peke yako? Kuya huku!"

Hakuuliza papa ni nani. Aliuliza kama naelewa statistique. Bon, nilikuwa naelewa. Nikawa nawafundisha, nao wakaniandika kwenye kikundi chao. Nilipolazwa na malaria, Béa alivuka mto Jumapili kuniletea notes na pondu (kisamvu) ya mama yake. Wale wa mutuelle hawakujua hata kama nipo hai.

Sasa sikieni siku ya proclamation. Huku majina yanasomwa kwa sauti mbele ya watu wote, na ukipita, watu wako wanakumwagia poda kichwani. Mama alikuja.

Likasomwa jina langu. Distinction! Tulikuwa wawili tu darasa zima.

Sijapumua vizuri, nani huyo anakuja mbio na kopo la poda? Président!

"Mutoto ya kwetu! Mutoto ya kwetu!"

Na wale wale waliocheka, sasa wanaimba. Aibu hawana!

Nikarudi nyuma. Nikamwambia kwa sauti, mama anasikia, "Mutoto iko ya papa. Si weye ulisema? Enda umwagie batu yako."

Akabaki na kopo lake. Wengine wakasema nina kiburi. Sawa, ninacho.

Béa hakuwa na poda. Alikuwa na unga wa muhogo wa kupikia fufu, ugali wa huku, ambao mama yake alimtuma sokoni kununua. Akaufungua akanimwagia wote, kisha akampaka na mama yangu usoni. Mama alicheka hadi akatoa machozi.

Funzo nililopata: anayekuita wake siku ya distinction, muulize alikuwa wapi siku ya sifuri.

Juzi président kaniletea fomu ya kujiunga, eti mwaka ujao niwe katibu wao! Mama anasema nisamehe, nijaze.

Fomu iko hapa mezani. Nyinyi mngejaza? Semeni bila kuogopa, nasoma yote. Ila mjue tu, siku ile kwao Béa hawakula fufu.