Unga Kwenye Ngazi ya Hoteli

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa chumvi, nilikatazwa kwa ukali kitu kimoja tu: kukanyaga ngazi ya hoteli kabla bibi yangu hajapita mbele. Makosa mengine yalisamehewa. Hilo halikuwa na msamaha.

Hoteli yenyewe ingali ipo juu ya kilima cha mji wetu, katika vilima vya Wamatumbi, ukiipita Kipatimu ukaendelea kupanda. Wajerumani waliijenga ili wakubwa wao wakimbie joto la pwani. Waingereza wakaiongezea roshani ya mbao upande wa mbele, imesimama juu ya nguzo ndefu kwa sababu ardhi pale inateremka. Siku hizi inaitwa hoteli ya kihistoria. Nimeishi chini yake maisha yangu yote, na historia yake niijuayo ni fupi: babu zetu walibeba mawe, wageni wakalala.

Iko juu ya makaburi ya ukoo wa bibi. Walioijenga waliambiwa, wakajenga. Bibi alikuwa Mwislamu wa swala tano, na alikuwa Mmatumbi. Mambo hayo mawili yalikaa ndani yake kama wake wenza wanaosalimiana. Kila palipokuwa na shughuli kubwa hotelini, alipanda alasiri ya siku iliyotangulia akiwa na unga wa mtama, nami nikimbebea kibuyu kilichokatwa nusu. Alipiga magoti juu kabisa, pale ngazi inapokutana na sakafu ya roshani. Alisema Bismillahi, akataja majina ya wazee wake, akaumimina unga kidogo kidogo kwa vidole mpaka ukasimama kama kichuguu chenye ncha. Akaufunika kwa kile kibuyu. Asubuhi alifunua. Unga ukiwa umesimama, wazee wameridhia. Ukiwa umeporomoka, wamekataa, na shughuli ihamie mahali pengine.

Mimi naswali na sitambiki. Shehe wetu alinifundisha kwamba maiti hawahitaji unga, wanahitaji dua. Lakini sitaki mtu amcheke bibi yangu. Waliomcheka nimewaona, na nitawaeleza habari zao.

Wakati huo uhuru ulikuwa bado mchanga, na hoteli ilikuwa na meneja kutoka mji wa mbali, mtu mfupi mwenye viatu vya kung'aa, aliyetembea kwenye udongo wetu mwekundu kama paka kwenye maji. Alipofika, mbao za mbele za roshani zilikuwa za mvule, ngumu kama chuma. Akasema zimechakaa, zing'olewe. Zilikokwenda sijui, ila nyumbani kwake lilionekana kabati jipya zuri sana. Mahali pake zikawekwa mbao za msufi, laini kama mkate, zikapakwa rangi ya kijani. Rangi ilipendeza. Wageni walipiga picha.

Kisha ikatangazwa kwamba wakubwa kutoka Lindi watakuja, na watoto wa shule watawachezea ngoma. Kaka yangu Selemani ndiye aliyechaguliwa kuongoza. Alikuwa na miguu miepesi, na alizipenda njuga zake kiasi kwamba alizifunga miguuni hata akienda kuchota maji. Meneja akaamua watoto wasicheze uwanjani kama desturi. Wacheze juu, kwenye roshani, na wageni wakae chini kwenye viti, ili vumbi lisiwafikie.

Bibi akaweka unga wake. Asubuhi tukapanda kuutazama.

Haukuwa umeporomoka pembeni kama nilivyowahi kuona. Ulikuwa umezama katikati, na sehemu yake haikuwepo kabisa.

"Wameumeza," bibi akaniambia polepole. "Somoe, sijawahi kuona wakiumeza."

Meneja akatokea na kikombe cha chai mkononi, wahudumu wawili nyuma yake.

"Shikamoo bi mkubwa. Wazee wako wanasemaje leo? Wanataka soda?"

"Marahaba. Wamekataa. Watoto wacheze chini."

"Chini kuna vumbi. Wageni wana suti."

"Vumbi linafutika, mwanangu."

"Bi mkubwa, ni wazee waliokataa, au ni panya walioshiba?"

Wahudumu wakacheka, maana ndiyo kazi waliyoajiriwa. Meneja akaagiza pafagiliwe. Niliuona unga ukisukumwa na ufagio, nikauona ukiingia kwenye ufa wa mbao kama maji yanavyoingia mchangani. Hakuna aliyeinama kutazama unakokwenda. Meneja hakuinama kwa sababu alikuwa mkubwa. Bibi hakuinama kwa sababu alidhani anajua. Na mimi nilidhani nawaona wazee wakila.

Nyumbani bibi alijaribu njia nyingine.

"Selemani, leo una homa. Lala."

"Sina homa, bibi."

"Unayo. Nimesema unayo."

"Nisipokwenda, ataongoza mtoto wa mwenye duka. Yule anacheza kama bata, bibi! Bata aliyekanyaga moto!"

"Bora bata mzima."

Mwalimu akaja mwenyewe kumfuata. Alisimama mlangoni bila kuvua viatu. Akasema hii ni nchi huru, mambo ya mizimu tumewaachia wajinga, na mtoto ni wa shule. Bibi akampisha mtu aliyesoma. Alimfunga Selemani njuga kwa mikono yake, akamwambia achezee pembeni, karibu na ukuta. Selemani akaitika. Lakini kiongozi hawekwi pembeni. Walipopanda, mwalimu alimshika bega akamsimamisha mbele kabisa, juu ya ile rangi ya kijani.

Sisi wa mjini tulisimama nyuma ya viti vya wageni. Ngoma ikaanza, na Selemani akacheza. Nimeona ngoma nyingi tangu siku ile, na sijaona tena mtoto akipiga mguu chini kwa furaha namna ile. Mara ya kwanza ubao ulilia. Mara ya pili mguu ukaingia mpaka pajani. Kisha ubao mzima ukaachia, naye akapita chini, njuga zikilia njia yote mpaka kwenye mawe.

Wageni wakapiga makofi.

Ndiyo, walipiga makofi. Walidhani ni sehemu ya mchezo. Mmoja alisimama kabisa ili aone vizuri. Makofi yakaendelea mpaka waliposikia mtoto analia, na hata hapo wengine walichelewa kuacha. Meneja alikimbia, si kwa Selemani bali kwa wageni, akawaomba waingie ndani chakula kisipoe. Nao wakaingia. Kaka yangu alitolewa chini ya roshani na wanaume wa mtaani, akalazwa kwenye kitanda cha kamba, akabebwa mpaka misheni. Wale waliomtibu walijitahidi, Mungu awalipe. Mfupa ulikuwa umesagika. Mguu uliunga, lakini uliunga mfupi.

Baada ya siku chache tukamrudisha nyumbani, mguu ukiwa bado kwenye plasta, na jioni meneja akaja. Safari hii alivua viatu. Akaketi mkekani mbele ya bibi, kichwa amekiinamisha.

"Bi mkubwa, nisamehe. Sikujua. Kumbe mizimu ya hapa ni mikali!"

Nilikuwa mtoto, lakini jambo hilo lilinishangaza. Mtu aliyecheka asubuhi ile, kabla ya wiki kwisha ameamini kuliko bibi mwenyewe. Nilikuja kumwelewa baadaye. Mizimu ilimfaa. Ikiwa ni mizimu, hakuna atakayeuliza habari za msufi, na kabati litakaa salama nyumbani kwake. Mwalimu naye akaamini. Wajinga aliowaachia mizimu akawafuata mbio, maana si yeye tena aliyemsimamisha mtoto pale mbele. Nikamwona bibi ananyooka mgongo. Wakubwa wawili wamekiri mbele yake. Sasa mji mzima ungemheshimu, na ulimheshimu.

Kutoka kitandani Selemani akasema, "Ni mchwa."

Wote wakageuka.

"Nilianguka pamoja nao. Ubao ulikuwa mtupu ndani, umejaa udongo. Walikuwa mpaka kwenye njuga zangu. Bibi, ni mchwa."

"Mtoto ana homa," meneja akasema kwa huruma.

Na kweli, safari hii alikuwa nayo. Basi likaisha hivyo. Mbao hazikuchunguzwa, kwa kuwa mizimu haina haja ya mbao.

Msidhani lilikuwa neno dogo. Mtu aliyevunjwa na mchwa ni mtu aliyepata ajali. Mtu aliyekataliwa na wazee wa ukoo wake mwenyewe, huyo ana doa. Selemani alipotaka kuoa, wazazi wa msichana walikuja kwetu kwa adabu nyingi. "Hatuna ubaya naye," walisema, "ila wazee wa kilimani walishasema neno lao." Alipoteuliwa kuadhini, walikuwepo walionong'ona kama inafaa sauti kama ile iwaite watu kwenye swala. Yeye aliadhini tu. Alilima ufuta wake, akapanda msikitini kwa mguu wake mfupi alfajiri baada ya alfajiri, na kila aliyemuuliza habari za mguu alimjibu neno lilelile: mchwa. Watu walitabasamu. Hatimaye alioa mwanamke wa Kilwa Masoko, aliyemsikiliza hadithi yake mpaka mwisho kisha akasema, "Mchwa? Kwetu walikula mlango mzima, tukabaki na bawaba." Kaka alikuja kunieleza maneno hayo huku machozi yanamtoka kwa kucheka. Aliaminiwa, kwa mara ya kwanza.

Mke huyo alimtangulia. Selemani naye tumemzika mwaka huu, kabla ya mvua. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Nilikuwa bado nakaa mkekani kupokea waliokuja kutupa pole, akaja kijana wa hotelini, shati lina nembo, simu mkononi. Hoteli imekarabatiwa, ina wenyewe wapya. Alisalimia vizuri, hilo sitamnyima.

"Shikamoo mama. Pole na msiba."

"Marahaba. Tumeshapoa."

"Mama, marehemu ni mtu muhimu sana kwetu. Wageni wakifika tunawapeleka kwenye ngazi, tunawaambia hapa ndipo mizimu ilipomwangusha kijana aliyeidharau. Wanasisimka, mama, acha kabisa! Sasa tunataka tuweke kibao, na jina lake."

Nikalirudia neno lake kimoyomoyo. Aliyeidharau. Mtoto aliyefungwa njuga na bibi yake, akaahidi kucheza karibu na ukuta.

Kijana akaendelea. Wameambiwa kwamba mimi ndiye wa mwisho anayejua jinsi ya kuweka unga. Je, ningekubali kupanda jioni, wageni wakiwepo, niwafanyie kidogo? Dakika chache tu. Alikuwa amekuja na unga kabisa, mfuko wa sembe ya dukani.

"Ngazi yenu siku hizi ni ya nini?" nikamuuliza.

"Saruji mama, na vigae juu. Imara kabisa."

"Basi unga hautazama kamwe."

"Ndiyo vizuri mama! Mgeni asipate wasiwasi."

Nikamwambia kama wanataka jina la kaka yangu waandike na ukweli wake: Selemani alivunjwa na mchwa, katika mbao za msufi. Kijana alinitazama kwa huruma, huruma ileile ya meneja, ingawa meneja alikufa kabla huyu hajazaliwa.

"Mama, nani atapanda mlima huu kuja kutazama mchwa?"

Nikamwambia kwamba jina sitoi na kilimani sipandi. Akaaga kwa heshima, akauacha ule mfuko, labda akidhani nitabadili mawazo.

Nimelifikiria jambo hili sana, maana mfiwa ana muda. Bibi yangu alikosea, na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kumsamehe. Lakini alikosea akiwa amepiga magoti, uso wake karibu na ubao kuliko uso wa mtu yeyote mwingine mjini. Unga wake ulimwambia kweli: hapa pana shimo. Alielewa vibaya aliyelichimba, lakini alisema mtoto asikanyage, na angesikilizwa kaka yangu angetembea sawasawa. Hao wengine waliifagia kweli mara ya kwanza kwa kucheka, mara ya pili kwa kuamini. Na sasa wanaifagia mara ya tatu kwa kuiwekea kibao. Sijui ipi ni mbaya zaidi. Najua tu kwamba hakuna hata mmoja aliyeinama.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa siku ya hitima. Nikaufungua ule mfuko. Unga wa tambiko ni wa mtama, na hata hilo hawakulijua. Nikauchekecha vizuri, nikautia kwenye sufuria na tangawizi na sukari, wanaume waliomsomea kaka yangu wakanywa uji mpaka ukaisha. Babu zetu walibeba mawe ya hoteli ile. Huo ndio uliokuwa mlo wa kwanza nilioujua mimi kutoka kule juu kuja kwetu.