Shavu la kushoto la Mwepesi

Hakuwa na cheti. Hakuwa na kiti cha kuzunguka, wala kikaushio cha kusimama, wala bango lenye jina lake mlangoni. Hakuwa na picha yake hata moja tangu atimize miaka ishirini na mitatu. Na katika kioo kikubwa cha saluni yake hakuwa na kichwa: kioo hicho kilitundikwa chini kiasi kwamba mteja aliyeketi alijiona mzima, lakini msusi aliyesimama nyuma yake aliishia shingoni.

Alichokuwa nacho ni mkono. Mkono huo ndio uliompa jina. Wateja humwita Mwepesi kwa sababu husuka bila kuvuta, na wapo wanaoapa kwamba wamewahi kusinzia kwenye kiti chake na kuamshwa wakiwa wamekwisha kupendeza.

Saa moja asubuhi, Mwepesi anafungua chumba chake cha kazi, anafagia nywele za jana, anabandika birika. Chumba kina upana wa vitanda viwili. Kuna viti vitatu vya plastiki, benchi la wanaosubiri, rafu yenye mafungu ya rasta nyeusi na za kahawia, na chupa kubwa ya chai ambayo haijawahi kutiwa chai. Dada wa mumewe, ambaye husuka naye hapo, anaingia na mkate kwapani.

"Leo nikae upande gani, wifi?" anauliza. "Upande wa jua au upande wa mwezi?"

"Kaa upande wa kazi," anajibiwa. "Na mkate huo usiuminye, si mto."

Utani huo una historia yake. Shavu la kulia la Mwepesi ni laini, shavu la mwanamke wa miaka arobaini na moja aliyelala vizuri. La kushoto lina baka jeusi lenye ukubwa wa kiganja cha mtoto, na katikati ya baka kuna shimo ambalo ncha ya kidole hulala humo ikatulia. Asubuhi hii baka lina rangi tatu, na pembezoni linabambuka kama rangi ya ukuta mkongwe. Kwa Mwepesi, hiyo ni habari njema.

Anayejua rasta anajua kwamba zikishasukwa, ncha zake huchovywa kwenye maji yaliyochemka ili zijifunge zisifumuke. Miaka kumi na minane iliyopita, akiwa bado anajifunza kwa msusi mwingine, Mwepesi aliliweka bakuli la maji hayo juu ya stuli, nyuma ya kiti cha mteja, kama walivyofanya wote. Simu ya mteja ikalia. Mteja akashtuka, akakisukuma kiti nyuma. Mwepesi alikuwa ameinama.

"Sikusikia moto kwanza," anasema. "Nilisikia haya, maana mteja alipiga kelele kunishinda mimi niliyeungua."

Jirani mwenye huruma nyingi kuliko maarifa alimpaka dawa ya kopo ambayo hakuna aliyeweza kusoma maandishi yake. Kidonda kikatunga usaha. Kilipopona, kiliacha lile shimo.

Tangu hapo Mwepesi alijifunza kuishi kwa upande mmoja. Alivaa mtandio ukiangukia kushoto. Kwenye sherehe alikaa mwisho wa safu, ukutani. Kamera ikitokea, yeye ndiye aliyeomba kuishika. Mumewe, fundi baiskeli, alimkuta na shavu hilo hilo na hakuwahi kulisemea vibaya.

"Nilichumbia mashavu yote mawili," hupenda kusema mume huyo. "Sijawahi kurudisha hata moja."

Siku njema Mwepesi husuka vichwa vitatu, siku mbaya hakuna. Hesabu zake zote huzifanya kwa vichwa. Pango la chumba ni vichwa vitano kwa mwezi. Viatu vya shule ni kichwa kimoja na nusu. Kwa miaka minne amekuwa akiweka pembeni kichwa kimoja kila mwezi, bila kumwambia mtu kina kazi gani.

Mwanzoni mwa mwaka huu ndipo mmoja wa wateja wake, mwalimu wa sekondari, alipomletea tangazo. Chuo cha ufundi kilitaka mkufunzi wa ususi, mwenye cheti au uzoefu wa miaka kumi.

"Hili wamekuandikia wewe," mwalimu alimwambia. "Wamesahau jina tu."

Mwepesi alisoma mpaka chini. Barua ya maombi iambatane na picha ndogo ya pasipoti, uso wote na masikio yote mawili yaonekane. Mwisho wa kupokea maombi, siku ya mwisho ya mwezi unaofuata. Akalikunja tangazo na kulirudisha.

"Mkufunzi wa urembo mwenye shavu hili? Wasichana watanicheka mpaka kengele ilie."

"Wewe unaogopa wasichana au unaogopa picha?" mwalimu akamuuliza.

Wiki hiyo Mwepesi alivitoa vile vichwa alivyokuwa ameviweka, akaenda kwa daktari wa ngozi, mwanamke asiye na maneno mengi mwenye chumba kidogo chenye taa kali.

Daktari alilitazama shavu kwa muda, akamweleza kwamba njia ni mbili. Ya kwanza ni sindano ya kujaza: kitu laini kama ute huingizwa chini ya ngozi, na shimo huinuka siku hiyo hiyo. Lakini mwili hukila kidogo kidogo, na baada ya mwaka, pengine kabla, inabidi kurudi. Na baka halitaguswa. Njia ya pili ni leza, mwanga unaochoma ngozi kwa vitone vidogo mno ili mwili ulazimike kuijenga upya. Hiyo hufanywa kwa awamu nne au tano, kila moja ikingoja mwezi na zaidi. Kwa ngozi nyeusi ni lazima kwenda taratibu, kwani pupa huacha weusi juu ya weusi.

"Lingekuwa shavu lako, daktari?"

"Ningeanza na leza. Ngozi ikishatengemaa, shimo likibaki, ndipo sindano. Lakini shavu si langu."

Mwepesi alipiga hesabu. Sindano ilikuwa vichwa ishirini, na picha angeipata kesho yake. Leza ilikuwa vichwa kumi kwa kila awamu, na siku ya mwisho ya maombi ingefika hata awamu ya pili haijaanza. Akaomba ajaribiwe leza kwanza mahali padogo. Daktari akamfanyia chini ya sikio, akamwagiza: akae mbali na jua, akae mbali na joto, arudi baada ya wiki mbili.

Mwepesi si mtu wa kupuuza agizo. Alinunua kofia pana ambayo wifi yake aliiita paa la pili. Jikoni hakukanyaga, na wiki mbili nzima familia ilikula alichopika fundi baiskeli na kunyamaza. Hata hivyo, siku ya kumi kile kipande cha majaribio kilikuwa kimegeuka cheusi tititi, kama tone la wino.

"Nililia siku hiyo," anasema. "Nilisema basi, ngozi yangu imekataa. Nikapiga simu nikaandikisha sindano kwa Ijumaa."

Alhamisi, mwalimu alikuja kusukwa. Nywele zake za mbele, kwenye kingo za uso, zilikuwa zimenyonyoka kwa misuko ya kukaza ya saluni nyingine. Akaomba aongezewe rasta hapo hapo ili kipara kifunikwe, kwani Jumamosi alikuwa na mkutano.

Mwepesi aliweka kitana chini. "Mwalimu, sikuongezei. Nikikuongezea hapa utapendeza wiki mbili, halafu na hizi chache zilizobaki zitaondoka na rasta zangu. Kwanza tutibu ngozi ya kichwa. Nywele zikishika mizizi, nitakuwekea chochote unachotaka."

"Na Jumamosi je?"

"Jumamosi utaenda na kichwa chako. Hao wa mkutano wamekuja kusikiliza au kuhesabu nywele?"

Wifi yake, aliyekuwa akichambua rasta kwenye benchi, alianza kucheka taratibu, kisha akashindwa kujizuia.

"Hebu rudia, wifi. Rudia maneno hayo, lakini geukia kioo."

"Kina nini kioo?"

"Hakina kitu, ndiyo shida yake. Ungekuwa unajiona, ungejisikia. Kesho unakwenda kujiongezea rasta shavuni!"

Mwalimu naye akacheka, na Mwepesi akajikuta anacheka pamoja nao huku ameshika shavu. Mganga hajigangi, wahenga wamesema, lakini siku hiyo alibanwa pande mbili na hakuwa na pa kupenya.

Ijumaa alikwenda kwa daktari kama alivyoandikishwa, ila hakuomba sindano. Alionyesha lile tone la wino na kuuliza amekosea nini. Daktari aliuliza habari za jua. Akauliza habari za jiko. Mwisho akamwambia, "Nionyeshe unavyofanya kazi."

Mwepesi alisimama nyuma ya kiti, akamsuka mteja asiyekuwepo, akafika kwenye ncha. Akainama kuzichovya.

"Hapo unainamia nini?"

"Bakuli la maji ya moto."

Mwepesi akanyooka polepole, kisha akajipiga paji la uso. Alikuwa amelikimbia jiko la nyumbani, lakini kila siku kazini alikuwa ameupeleka uso wake juu ya mvuke kwa hiari. Kazi aliyoizoea mno hakuihesabu kuwa joto.

"Weusi huo utafifia," daktari alimhakikishia. "Ngozi yako haijakataa. Umeichemsha tu."

Ndipo ile chupa ya chai ilipoingia saluni. Maji hutiwa humo, chupa huwekwa sakafuni kwenye pembe ya ukuta, mbali na miguu, na ncha za rasta huingizwa kwenye mdomo wake mwembamba. Mvuke hautawanyiki, na kiti kikisukumwa hakuna bakuli la kumwagika. Kwa sasa wifi ndiye anayechovya, na hakosi la kusema.

"Mimi nina mashavu ya akiba," husema. "Yangu hayana kazi nyingine."

Tone lilipofifia, Mwepesi alifanyiwa awamu ya kwanza ya shavu zima. Wiki mbili baadaye, zikiwa zimebaki siku chache maombi yafungwe, alivua mtandio na kuingia kwa mpiga picha wa mtaani. Mpiga picha alimpiga, akaitazama skrini, akashusha sauti.

"Mama, hili shavu nitalisafisha kwa kompyuta. Dakika mbili. Sikulipishi."

Mwepesi anakiri kwamba alitamani. Shavu lilikuwa linabambuka, baya kuliko lilivyokuwa mwanzo, na dakika mbili si kitu kwa mtu aliyejificha miaka kumi na minane.

"Wacha lilivyo, mwanangu," akasema. "Nikiitwa kwenye usaili nitakwenda mimi. Huyo wako wa kompyuta atapatikana wapi?"

Aliporudi, alimwomba mumewe aje saluni na nyundo. Fundi baiskeli hakuuliza sababu. Alikipandisha kioo, akarudi nyuma hatua moja na kusema, "Kumbe mke wangu ana kichwa."

Awamu ya pili ya leza ni mwezi ujao, na vichwa vyake vinaendelea kusukwa kimoja kimoja. Kama shimo litabaki mwishoni, Mwepesi ataamua juu ya sindano wakati huo, bila haraka. Kile anachokitaka sasa ni darasa. Anataka meza ndefu, wasichana na wavulana wamesimama, na yeye anapita nyuma yao akitazama mikono.

Adhuhuri anapata nafasi kati ya mteja na mteja. Anaisoma barua yake mara ya mwisho, akisimama kwenye aya aliyoiandika bila kumwonyesha mtu: "Alama iliyo kwenye shavu langu la kushoto niliipata kazini, kwa bakuli la maji ya moto. Nikikubaliwa, somo langu la kwanza litakuwa mahali pa kuliweka bakuli hilo."

Anaitia picha ndani. Analamba gundi ya bahasha, anaifunga, anapitisha mgongo wa kitana juu yake mara mbili ili ishike, kama mtu anayehakikisha ncha haitafumuka. Kisha anauweka mtandio begani, si kichwani, na kuvuka barabara mchana kweupe mpaka posta, amevaa kofia yake pana.

Karani anaipokea bahasha, anaipima, anaigonga muhuri.

"Nakala yoyote ya kubaki nayo, mama?"

"Hapana," Mwepesi anajibu, akiligusa shavu lake la kushoto. "Asili yake ninayo."

Karani anaitupa barua kwenye mfuko wa zinazoondoka leo.