Damu Inayotembea

Saa kumi na dakika ishirini alasiri, redio ya baba ikisoma salamu za wasikilizaji, mama aliinuka mekoni na ncha ya ukuni ikamdunga juu kidogo ya kifundo cha mguu. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, kijijini kwetu Hewani. Mishipa ya miguu yake ilikuwa imevimba kama mizizi, kwa miaka mingi ya kusimama mashambani.

Damu ilitoka nyeusi, bila kukoma. Shangazi akamketisha kitini na kumfunga leso chini ya goti. Ikazidi. Kaka akarukia baiskeli kwenda Garsen kutafuta gari la kumpeleka hospitali Malindi. Midomo ya mama ilikuwa imeanza kupauka.

Rafiki wa baba, mfugaji aliyekuja kila wiki kubadilisha maziwa na ndizi zetu, alikuta hali hiyo.

"Nyinyi nafunga mama kama ng'ombe ya kutolewa damu?"

"Hapa si zizini, mzee," shangazi akamjibu.

"Ndiyo, zizini iko watu najua. Damu ya kuchinja naruka. Hii natembea tu. Fungua! Lalisha yeye, inua mguu."

Baba aliifungua leso mwenyewe. Mama akalazwa mkekani, mguu juu ya gunia la mpunga, kiganja cha mfugaji kikikandamiza jeraha kwa kitambaa. Damu ilipungua, kisha ikakoma.

Ng'ombe wa wafugaji wale akiugua, walimfunga kamba shingoni, mshipa ukavimba, wakautoboa kwa mshale na kuiacha damu mbaya imwagike chini. Kamba ikilegezwa, damu ilikatika yenyewe.

Miaka mingi baadaye nilisoma sababu. Moyo husukuma damu kwenye ateri kwa nguvu, kama pampu yetu ya mtoni ilivyorusha maji mdomoni mwa bomba. Ikishapenya mishipa myembamba kuliko unywele, nguvu hiyo huwa karibu imekwisha, na vena huirudisha polepole, kama maji ya mwisho wa mfereji. Leso ya shangazi ilitosha kuziba vena, haikutosha kuzuia ateri. Damu iliingia mguuni, ikakosa njia ya kurudi isipokuwa kwenye jeraha. Na mtu akiketi, uzito wa damu yote iliyo juu hulemea kifundo.

Natamani jioni ile zaidi ya maelezo yake: harufu ya maziwa yaliyofukizwa moshi, baba na rafiki yake wakitaniana nani atakula ndizi mbichi.

Pikapu ilifika giza limeingia. Mama alikuwa ameketi, mguu umenyooshwa juu ya gunia, akidai chai.

"Mgonjwa yuko wapi?" dereva akauliza.

"Ni yeye hii nauliza wewe sukari," mfugaji akasema.

Dereva alicheka. Kaka alikuwa amepatana naye elfu tatu na mia tano hadi Malindi. Alichukua mia tatu za mafuta. Tuliokoa shilingi elfu tatu na mia mbili.