Mchana Jua Lilipotunyamazishia Redio

Sisi tuliokulia Mlandege miaka ya sabini tulilitumia jua kukaushia mahindi na kufufulia betri. Betri zikichoka unazianika juu ya bati, unakwenda kucheza gololi, jioni redio inaongea tena. Vijana wa leo, chaji ikifika nusu, wanahema kama wamepanda mlima kutoka Ipogolo na gunia la viazi.

Mwaka mmoja mjomba aliugua Makongolosi, alikokwenda kuchimba dhahabu. Barua zilichelewa, kwa hiyo mama alitegemea matangazo ya vifo ya mchana. Yakianza aliinua kidole, nasi tukaacha kutafuna kande.

Siku hiyo jua lilikuwa kali. Mtangazaji alianza kusoma, mara sauti ikazama, ukabaki mchemko tu.

"Baba Tumaini, hiyo redio au kikaango?" jirani yetu, Mama Zawadi, akauliza kutoka uani kwake.

Baba akachomoa betri, akaenda kuzianika.

"Zirudishe," mama akasema.

"Zimekwisha, Mama Tumaini. Subiri zipate moto."

Ziliporudishwa, ulikuwa unapigwa muziki. Baadaye abiria mmoja wa basi akatuletea habari: mjomba alishazikwa, na jina la mama lilisomwa redioni mchana uleule, kati ya ndugu waliokuwa wakiarifiwa. Tangu hapo, baba akitaja betri mezani, mama aliondoka na sahani yake.

Mimi niliondoka, nikasoma huku nafanya kazi, nikarudi na stashahada ya mawasiliano ya redio, ya kwanza mtaani kwetu. Antena yangu inaonekana toka barabarani, na ninaongea na wapenda redio wa mabara mengine. Darasani ndiko nilikojifunza kwamba mlipuko ukitokea kwenye jua, masafa mafupi, kama yale ya redio yetu, huzimika mchana kweupe, kisha hurudi yenyewe. Betri iliyokwisha haichemki, inanyamaza. Betri za baba zilikuwa nzima.

Sasa nasikia wapo wanaoona vituo vya kulichunguza jua ni gharama ya bure. Tangu nisikie hivyo situlii. Nimeandika, nimesumbua wenzangu, nawaomba nanyi wa rika langu mseme viendelee. Vijana hawatasema, kwao msiba unafika kwenye simu kabla jirani hajasikia kilio, na mtandao ukikatika wanabadilisha laini.

Nilipomweleza mama kwamba kosa lilikuwa la jua, baba alikuwa ameshafariki. Mama akakunja na kukunjua upindo wa khanga.

"Siku ile walikuwapo wa kulitazama hilo jua?"

"Walikuwapo mbali, mama. Hakuna aliyetuambia."

"Basi wasiondolewe," akasema. "Mwingine atamnunia mumewe mpaka anamzika."