Nilimposa msichana wa Chana bila mwenyewe kujua

Wakuu, salamu kwenu nyote. Haya yalinikuta mimi mwenyewe hapa Landani, na sijayatia chumvi. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Kabla hamjauliza, Chana ni wilaya ya pwani kusini kabisa mwa Thailand. Waislamu tele, minazi, boti ndogo zinavutwa mchangani. Sijawahi kufika, lakini nikishushwa pale leo naweza kuwaonyesha msikiti uko upande gani.

1998 nilikuwa jikoni kwenye care home moja ya wazee karibu na Ilford. Mimi mtu wa Pemba, papers bado. Hapo palikuwa na carer anaitwa Suraida, katokea Chana.

Siku ya kwanza alinikuta natia tui la kopo kwenye wali wangu wa break. Akachukua kijiko, akaonja bila kukaribishwa, akafumba macho.

Nikawa nimekwisha.

Tangu hapo kila break ni Chana tu. Baba yake alifuga tetere wa kuimba. Huko vizimba vinapandishwa juu ya milingoti mirefu, watu wanatoka mbali kushindanisha sauti za ndege. Mlango wa uani wa nyumba yao unafungukia mchanga. Nikimsikiliza nilikuwa naikumbuka Pemba.

Nilimpenda kiasi cha kuiona Ilford nzuri, tena mwezi wa January.

Lakini kwao mambo yalikuwa yanabadilika. Barabara inapanuliwa, na ikaja habari ya bomba la gesi na kiwanda palepale pwani. Kijiji kikapasuka pande mbili. Hawa wanataka ajira, hawa wanataka bahari yao iachwe. Baba yake alikuwa upande wa kiwanda. Suraida leo anasema wadogo zake watapata kazi, kesho yuko store analia.

Sasa njooni kwenye kosa langu.

Kwetu huendi kumposa msichana kwa mdomo wako. Wazee huzungumza na wazee. Ami yangu aliyekuwa akiishi Ilford akanionya: "Mwanangu, usimtie maneno mtoto wa watu. Posa inakwenda kwa babake. Wakiridhia, ataambiwa na wazee wake."

Anwani ya kwao niliinakili kwa siri kutoka kwenye bahasha ya zamani iliyotoka Chana, Suraida aliibandika kwenye ubao wa staff room. Ami akaandika kwa Kiingereza kizuri, bismillahi juu, sifa zangu zote chini (nyingine sikuwa nazijua). Tukaituma.

Mwezi. Miwili. Mitano. Kimya.

Ami akasema: "Huko kunyamaza ndilo jawabu lao. Wamekataa kwa heshima. Na wewe nyamaza, usimwaibishe."

Nikanyamaza, tena nikanuna. Nikawa nakula break peke yangu. Suraida akaniuliza kanikosea nini, nikamwambia nimechoka.

Mwaka uliofuata akaitwa nyumbani. Ofisi ya mradi wa gesi ilitaka watu wanaojua Kiingereza. Kabla ya kukata tiketi alinifuata jikoni, nina sufuria mkononi.

"Salim, huna neno la kuniambia?"

Nikamwambia, "Safari njema."

Halafu akaenda kuvaa koti lake.

Msinitukane bado.

2004 nikaletewa barua kazini. Ya Suraida. Kumbe barua za ufukweni kwao zote zilikuwa zinaachwa dukani kwa jirani mmoja, na jirani huyo alikuwa upande wa kupinga gesi. Hakuwa anasemezana na babake Suraida. Ile ya Ami aliiweka kwenye droo. Hakuna aliyeiulizia, maana wao na Suraida walikuwa wanaongea kwa simu.

Kiwanda kikajengwa hata hivyo. Idi moja wazee wale wakapatana, jirani akaileta, haijafunguliwa. Suraida ndiye aliyemsomea baba yake. Wakati huo ameshaolewa, ana watoto wawili.

Aliniandikia hivi: "Baba alisema angekubali. Kisha akaniuliza 'Kwa nini huyu kijana hakukwambia wewe?'"

Wakuu, niliisoma ndani ya basi nikapitiliza mpaka mwisho wa line. Dereva akazima taa, nimekaa tu.

Nilichojifunza: mila siitupi, pelekeni washenga. Ila mwenye roho yake aambiwe kwanza. Kumbe mtu niliyekuwa namsubiri miezi mitano nilikuwa nampa good morning kila siku.

Kuna mwingine humu aliyekosa mke kwa adabu? Shusheni yenu, hata matusi napokea.

Mtauliza kama nilimjibu. Nilimjibu, ukurasa mmoja. Nikamwombea watoto wake, nikawasalimia wazee na tetere wao. Kama nimeoa au sijaoa, hakuuliza, na mimi sikuandika kwamba bado.