Radhi za Safari

Fundi wa cherehani wa Mtopanga huongea na pini mdomoni, na kila Januari pini hizo hazitulii kwa mipango. Mwaka huu anakwenda Lamu, wallahi, akakae wiki nzima atunge utenzi wa beti mia tatu juu ya suruali. Jalada tayari analo, kalikata kwa mkasi wa kitambaa, limependeza. Hata safari kaianza kwa adabu zake: kapita mlango kwa mlango akiomba radhi, kaombewa dua, kapewa salamu na mizigo ya kupeleka. Kisha akajifungia dukani siku saba, akikanyaga cherehani polepole majirani wasisikie. Leo asubuhi kafungua, kajinyoosha mgongo kama mtu aliyechoshwa na basi, na wa kwanza kufika ni Bi Mwanatatu, aliyekuwa amemkabidhi kanga za kumpelekea dada yake wa Lamu.

“Shikamoo, Bi mkubwa.”

“Marahaba, mwanangu. Kanga zilifika?”

“Nimempa mkononi. Alilia kwa furaha, masikini.”

“Ajabu! Mbona mwenyewe yuko kwangu tangu Ijumaa, na sijaona kanga wala chozi?”

Pini zikatulia. Mguu wake ukausukuma ule mfuko wa kanga nyuma ya cherehani, taratibu, huku akiwaza jina lake litakavyotembea mtaani kabla ya adhuhuri. Akazitoa pini moja moja, akashika kichwa.

“Subhanallah! Basi yule wa Lamu ni tapeli! Nipe radhi tena, Bi mkubwa, itabidi nirudi.”